Baba na Kanda ya Gari Moshi

Desemba iliyopita nilikuwa nimeketi na mjukuu wangu kwenye baraza ya nyumba aliyoijenga marehemu baba yangu, Mbamba Bay. Jua lilikuwa likizama upande wa Malawi, na wavuvi walikuwa wakitayarisha taa zao kwa ajili ya usipa wa usiku. Nikawasha chombo, nikaifungulia kanda moja ya zamani. Mara ikasikika pumzi nzito, moja baada ya nyingine, kama ya fahali anayepanda mlima na mzigo mgongoni. Mtoto akaacha kula, akasogea karibu, akauliza kwa huruma: "Babu, huyo mnyama anaumwa?"

Sikumcheka. Mtoto yule amekwisha kupanda treni ya umeme ya kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, ile iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, na treni hiyo haihemi hata kidogo. Isitoshe, upande huu wa nchi yetu, tangu milima ya Mbinga ambako Wamatengo hulima ngolo zao hadi hapa ufukweni, haujapata kuwa na reli hata ya urefu wa hatua moja. Reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay nimeisikia ikizungumzwa tangu nina nywele nyeusi. Sasa ni nyeupe, nayo ingali inazungumzwa. Anayetaka kuona reli kutoka huku hana budi kwenda hadi Makambako, na hiyo ni TAZARA, ambayo tangu kujengwa kwake miaka ya 1970 ilitumia injini za dizeli. Mvuke ambao wazee wa pwani hii waliufahamu ulikuwa wa majini: manowari ndogo ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ambayo Waingereza waliishambulia ikiwa imepandishwa ufukweni hapo Liuli mwezi Agosti 1914, na meli ya misheni, Chauncy Maples, iliyoendelea na mvuke wake hadi mwaka 1967 ilipowekewa injini ya dizeli.

Basi nikamwambia mtoto kwamba huyo si mnyama, ni injini ya gari moshi, na kwamba baba yangu, ambaye yeye hakumkuta, alikuwa dereva wa injini za namna hiyo. Akaniuliza swali la pili, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Lakini kabla sijalifikia, ndugu msomaji, sina budi kueleza kanda yenyewe ilipatikanaje.

Baba aliondoka Mbamba Bay mwaka 1946, akiwa kijana wa miaka kumi na minane, kama walivyoondoka vijana wengi wa Songea, ambayo wakati huo iliijumuisha Mbinga yote. Alikwenda kukata mkonge Kimamba, karibu na Kilosa. Shamba lile lilikuwa jirani na Reli ya Kati, na Baba alizoea kusema kwamba kilichomtoa katika mkonge si mshahara wala miiba, bali ni honi ya gari la usiku. Mwaka 1951 akaandikwa kazi ya reli Morogoro. Alianza kwa kufuta injini kwa matambara na mafuta, akawa fayamani, yaani mchochea moto, na baada ya Uhuru akawa dereva. Sisi watoto tulikulia katika nyumba za reli za Tabora. Kila dereva alikuwa na namna yake ya kuvuta honi, na mama yangu aliijua ya mumewe miongoni mwa zote. Akiisikia kutoka mbali, hakusema neno. Aliinuka tu akabandika maji ya ugali.

Kazi ile ilimlipa Baba mshahara, ikamlipa na uziwi. Si uziwi wa kutosikia kabisa. Makelele makubwa ya miaka mingi huanza kula sauti nyembamba na za juu. Zile nzito na za chini hubaki. Baba hakusikia tena kengele ya baiskeli wala mlio wa simu, lakini ngoma iliyopigwa kijiji cha pili aliisikia kabla yetu. Na kama walivyo wengi wenye hali hiyo, hakujua kiasi cha sauti yake mwenyewe. Alipokunong'oneza siri, mtaa mzima ulishiriki.

Alistaafu mwaka 1983, akarudi Mbamba Bay akajenga nyumba hii. Mimi nilibaki Dar es Salaam na kibanda changu cha kutengeneza redio, Kariakoo.

Siku moja, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mgeni mmoja wa Kizungu aliletwa kibandani kwangu na dereva wa teksi. Kinasa sauti chake kilikuwa kimeingia vumbi na mkanda ulikuwa unakwama. Nilipokuwa nakisafisha nikamwuliza ananasa nini, muziki au ndege wa porini? Akasema ananasa injini za mvuke. Nilidhani sikumwelewa. Akanieleza kwamba kwao Uingereza shirika la reli la serikali liliachana na mvuke mwezi Agosti 1968, na kwamba miaka michache baadaye injini zilizohifadhiwa na wapenzi wake ziliruhusiwa tena kupita katika njia kuu, zikivuta mabehewa ya watu waliolipa nauli kwa ajili ya kusafiri nazo tu. Wako wanaopiga picha, na wako ambao, kama yeye, hukaa kando ya njia na vipaza sauti vyao kuvizia mlio.

Alinitajia bingwa wao, Peter Handford, fundi wa sauti za filamu, aliyezaliwa 1919 na kufariki 2007, ambaye tangu miaka ya 1950 alikuwa akinasa sauti za injini na kuzitoa katika santuri. Watu walizinunua, wakaketi nyumbani kusikiliza gari moshi likipanda mlima. Jambo lililonigusa ni kwamba bwana huyo hatimaye alipata tuzo ya Oscar, pamoja na mafundi wenzake, kwa sauti za filamu ya mwaka 1985, Out of Africa, iliyopigwa Kenya. Na katika filamu hiyo gari moshi linaonekana likikatiza nyika. Alianza na injini za kwao, akaja kuvuna heshima yake kubwa kwenye ardhi yetu ya Afrika Mashariki.

Mgeni wangu alikuwa njiani kwenda Nairobi. Huko, alisema, injini za mvuke zilizokuwa zimetulia katika Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971, zilikuwa zimefufuliwa na zilitoka mara chache kuvuta safari za pekee katika njia kuu. Akanitajia siku.

Wakati huo Baba alikuwa kwangu kwa ajili ya matibabu ya macho. Alikuwa na miaka sabini na minne. Nilipomweleza habari hizo jioni ile, alikaa kimya kitambo, kisha akauliza jambo moja tu: "Nauli ya basi hadi Nairobi ni kiasi gani?" Mtaa mzima ukajua tunasafiri.

Safari yenyewe sina haja ya kuisimulia. Anayeijua njia ya Arusha na Namanga anaijua. Tulipofika makumbusho, Baba alivua kofia mlangoni kama mtu anayeingia msikitini au kanisani. Humo tukakuta jambo ambalo ningependa kila Mtanzania alijue. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilikuwa na desturi ya kuzipa injini zake kubwa majina, nyingine ya makabila, nyingine ya milima. Miongoni mwa zilizohifadhiwa Nairobi, namba 3020 inaitwa Nyaturu, jina la ndugu zetu wa Singida. Namba 5918 ni Mount Gelai, mlima ulioko karibu na Ziwa Natron. Namba 5930 ni Mount Shengena, mlima wa Upare. Shirika lilipovunjika mwaka 1977 na kila nchi kuchukua chake, majina hayo ya Tanzania yalibaki yamelala Kenya. Sina kinyongo. Wenzetu waliyatunza, wakati injini nyingi sana za namna hiyo, kwetu na kwingineko, ziliishia kukatwa na kuuzwa kuwa chuma chakavu.

Mbele ya Nyaturu Baba alisimama muda mrefu. Daraja la 30 lilikuwa lake. Zilipewa matangi makubwa ya maji, akanieleza, kwa sababu Reli ya Kati hupita nchi kavu ambako baina ya kituo na kituo dereva hapati maji ya kumnywesha injini. Akaupiga ubavu wake kofi mbili za taratibu. "Huyu simjui," akasema, "ila ndugu zake nimekula nao chumvi." Akaanza kunisimulia jinsi walivyokuwa wakiukabili mpando wa kutoka Saranda kwenda Manyoni, ambako reli huukwea ukingo wa Bonde la Ufa: mchochezi anavyotazama rangi ya moshi, dereva anavyosikiliza pumzi na kuupunguza mvuke kidogo kidogo kabla gurudumu halijateleza, kwa kuwa likisha kuteleza umechelewa. Alisimulia kwa sauti ile yake, na watoto wa shule waliokuwa upande wa pili wa jumba wakaja kusikiliza. Ile ndiyo iliyokuwa saa ya kunasa. Kinasa sauti kilikuwa begani mwangu, ndani ya mfuko wake, kimefungwa vizuri, nikitunza betri kwa ajili ya injini.

Kesho yake tukatoka nje ya mji, kupita Embakasi, tukangoja gari lirudi kutoka uwanda wa Athi. Mgeni wangu alikuwa amepachagua mahali hapo kwa sababu njia inapanda kuja Nairobi, na injini ya mvuke haisemi kitu ikiwa tambarare au ikiteremka, husema inapopanda. Walikuwapo wageni wengine watatu na kijana mmoja wa Kenya, kila mmoja na mitambo yake. Nilijifunza mengi kwa kuwatazama. Kipaza sauti walikivika sponji nene kuzuia upepo. Walisimama hatua kama thelathini kutoka relini, kwani ukikaribia mno utapata mshindo na kukosa wimbo. Kiwango cha sauti walikiweka chini sana, mpaka mimi nikadhani hawatapata kitu, kumbe injini ikifika mbele yako huongeza mlio maradufu mara nyingi, na aliyeweka juu hurudi nyumbani na mkwaruzo mtupu. Na walikuwa na sharti moja: tangu mlio wa kwanza utakaposikika kwa mbali hadi utakapopotea kabisa, asizungumze mtu. Asikohoe, ikiwezekana. Wingu lilikuwa limetanda, manyunyu yakaanza.

Nilimfasiria Baba sharti hilo. Akatikisa kichwa kwamba amesikia. Labda alisikia nusu.

Yeye ndiye aliyelisikia gari kwanza. Sisi wenye masikio mazima hatukuwa tumesikia kitu isipokuwa korongo na upepo. Baba akainua kidole. "Anakuja," akasema. Wageni wakawasha vyombo vyao, na baada ya kitambo kweli tukasikia, mbali sana, kama mtu anayetwanga.

Napenda nieleze kilichokuwa kinakuja. Gelai ni injini ya aina ya Garratt, ya daraja la 59. Injini hizo thelathini na nne zilijengwa na Beyer, Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950, kila moja ikiwa na uzito wa tani 252, na hapakuwa duniani na injini za mvuke zenye nguvu kuzishinda katika reli ya upana wa mita moja. Injini ya kawaida yenye silinda mbili hutoa pumzi nne gurudumu linapozunguka mara moja. Garratt ni kama injini mbili zilizobebeshwa boila moja katikati. Hutoa pumzi nane. Lakini magurudumu ya mbele hayakufungwa pamoja na ya nyuma, kwa hiyo pumzi za mbele na za nyuma hukutana zikawa sauti moja nzito, kisha huachana polepole, zikawa kama watu wawili wanaopokezana mchi katika kinu kimoja, kisha hukutana tena. Hakuna apangaye. Mtu akilisikia jambo hilo mara moja halisahau, na ndilo lililowatoa wale wageni makwao.

Gari likakaribia. Baba akaanza kusema. "Huyu dereva," akasema, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto, "huyu dereva angali mgeni na mashine, msikilize ana—"

Mgeni mmoja aligeuka akakunja uso. Nami, mtoto wa kumzaa, nikamshika Baba mkono kwa nguvu, nikaweka kidole mdomoni. Nilimnyamazisha baba yangu mbele ya wageni kama anavyonyamazishwa mtoto darasani.

Akanyamaza. Hakunitazama. Alitazama njia.

Gelai akafika, na karibu yetu yakatukia mambo: pumzi zikavurugika ghafla, zikaenda mbio tatatata kama mvua juu ya bati, kisha zikarudi mahali pake. Magurudumu yalikuwa yameteleza. Ikapita mbele yetu ikitetemesha ardhi, mabehewa yakafuata, honi ikalia kwa mbali. Wageni wakabaki wameshikilia vyombo vyao bila kupepesa macho, mpaka nyika ikarudi kuwa nyika. Wakakumbatiana. Nami nikakumbatiwa. Kanda yangu ilikuwa safi kabisa, isipokuwa ule mwanzo, ambao mgeni wangu aliniambia kwa upole kwamba unaweza kukatwa.

Katika basi la kurudi nilimwuliza: "Baba, pale relini ulitaka kusema nini?"

"Pale wapi?"

"Lilipokuja gari. Habari ya dereva."

"Nimesahau," akasema. "Si kanda imesema?"

Baba hakuwa mtu wa kusahau. Alikuwa akikumbuka namba ya kila injini aliyoiendesha. Lakini nilikuwa nimechoka, na kusema kweli nilikuwa na furaha ya kanda yangu, nikaliacha neno hilo lilale.

Nilimtolea nakala akaenda nayo Mbamba Bay pamoja na redio-kaseti nzuri niliyoiunda mwenyewe kutokana na mbili mbovu. Mama alinisimulia kwamba kila jioni Baba aliiweka redio kwenye baraza hii, akaketi, akaweka kiganja juu ya spika. Honi hakuisikia, hiyo ni sauti ya juu. Pumzi alizipokea kwa kiganja. Majirani walikuja kutoka mitaa ya mbali, kwani hapa palikuwa mahali pekee katika ufuko wote ambapo gari moshi lilipita, tena kila siku, bila kuchelewa. Walimwomba awafafanulie: hapo linafanya nini, hapo mbona linakwenda mbio? Naye aliwajibu: "Sikilizeni." Mtu aliyewakusanya watoto wa shule wa Nairobi kwa hadithi ya mpando wa Saranda hakuifafanua kanda ile hata kwa neno moja. Mama alidhani ni uzee.

Baba alifariki mwaka 2008. Ni miaka saba baada ya hapo ndipo nilipoamua kuiingiza kanda ya asili katika kompyuta, kwa maana kanda za kaseti huoza kama zinavyooza nyavu. Nilivaa spika za masikioni, nikaiacha iende. Siku zote nilikuwa nikiizima honi inapopotea. Ni desturi ya kila msikilizaji, hakuna anayengoja upepo. Siku hiyo nilikuwa nimeshughulika na mambo mengine, sikuizima. Upepo ukaendelea. Korongo akalia. Nikasikia wageni wakicheka kwa mbali. Kisha karibu kabisa na kipaza sauti, taratibu, kwa sauti ambayo Baba lazima alijitahidi sana kuipata maana sikuwahi kumsikia akiitumia, nikasikia:

"Umeshamaliza? Sasa naweza kusema?"

Halafu "ta!", na ukimya. Huo ulikuwa mlio wa swichi. Aliyeibonyeza ni mimi. Sikumbuki kuibonyeza, wala sikumbuki kumsikia akiuliza. Nadhani nilikuwa nimekwisha kuwageukia wageni.

Hatuna sauti nyingine ya Baba. Picha tunazo, pamoja na kitambulisho chake cha reli na saa yake ya kazi ambayo mdogo wangu anaivaa. Sauti ni maneno yale ya kabla ya gari kufika, na hayo manne ya baada yake.

Tangu hapo nimejaribu kulijua lile alilotaka kulisema. Nilikwenda Morogoro kwa dereva mmoja mstaafu aliyefanya kazi naye, nikamfungulia kanda. Alisikiliza mara tatu. Akasema kosa ni la dereva, aliufungua mvuke mno kwa papara ya kujionyesha kwa wapiga picha. Nikaenda Tabora kwa mwingine. Huyo akakataa katakata: ni manyunyu, akasema, reli yenye vumbi ikipata mvua ya kwanza huwa kama imepakwa sabuni, hata malaika angeteleza. Kisha akaongeza kwamba tangi la maji la Garratt liko mbele, juu ya magurudumu ya mbele, na safari ikiwa ndefu maji hupungua, magurudumu hayo yakawa mepesi, yakateleza peke yake huku ya nyuma yakishika. Na ukisikiliza vizuri utasikia kwamba chini ya ule mtatariko pumzi nne zinaendelea bila kuvurugika. Nilisikiliza. Ni kweli zipo. Miaka yote nilikuwa sijazisikia, mimi fundi wa redio.

Lakini Baba alisema "huyu dereva angali mgeni na mashine" kabla injini haijateleza. Alikuwa amekwisha kusikia kitu, gari likiwa mbali vile. Alisikia nini? Wale wazee wawili niliwauliza, kila mmoja peke yake, na kila mmoja aliifungulia sikio sehemu ile, akatikisa kichwa.

Hilo ndilo lililokuwa swali la pili la mjukuu wangu. Kanda ilipofika mwisho, na ile sauti ikauliza kama inaweza kusema sasa, mtoto alingoja. Akangoja tena. Kisha akanitazama: "Alisema nini, Babu?"

Nilimwambia hayo niliyowaambia ninyi, kwa lugha ya mtoto. Hakuridhika, wala sikutazamia aridhike. Alitaka turudishe nyuma.

Jirani yetu hapa Mbamba Bay ni mzee aliyefanya kazi miaka mingi katika chumba cha mashine cha meli ya MV Songea. Naye masikio yake yamekwenda kama ya Baba. Kesho yake asubuhi nilimpelekea salamu, mimi na mtoto, na kinasa sauti kidogo kisichozidi kiganja. Nilikusudia anieleze jinsi alivyokuwa akiitambua mashine yenye hitilafu kwa kusikiliza. Nikaweka chombo juu ya kigoda, nikawasha.

"Shikamoo, Mzee," nikasema kwa nguvu. "Tumekuja kusikia habari za meli."

"Marahaba. Karibuni mketi," akajibu. Akaanza na bei ya usipa, jinsi ilivyopanda tangu barabara ya Mbinga ipate lami na magari ya wachuuzi kuanza kufika kirahisi. Kuku akapita chini ya kigoda, akawika. Mzee akakohoa kwa muda mrefu, akatema, akaomba radhi, akaingia habari ya shemeji yake wa Liuli ambaye hakurudisha wavu. Nusu saa ikapita hatujapanda melini. Mtoto akaninyoshea kidole kile chombo, taa yake nyekundu ikiwaka, akaninong'oneza: "Babu, hujazima."

Nikamwambia aache, Mzee anazungumza.